Kliniki ya watoto Milimani, Nakuru: walitibu tumbo la kijana yangu na uoga wake pamoja

Naandika hii nikiwa nimekaa kwa koridoo, kijana yangu yuko ndani ya choo, amefunga mlango na anaimba. Anaimba jameni. Mwezi wa nne mwaka huu huyu mtoto alikua akiniona tu nimeshika mpini wa ule mlango anaanza kulia. Nilijiambia akipona nitaandika, juu najua kuna mama mwingine hapa Nakuru sai anafua boxer ya tano ya siku imechafuliwa na choo na anafikiria mtoto wake ni mkaidi.

Nawapa nyota nne kwa tano. Hio moja nimeondoa nitasema kwa nini.

Kliniki yenyewe iko Milimani, ghorofa ya pili, unapanda ngazi kidogo alafu unapata risepsheni imepakwa rangi ya manjano. Mwanamke tunafanya kazi na yeye ndio alinielekeza, kijana yake alikua na shida ya kukojoa kitandani. Mimi natoka Free Area, nashuka tauni alafu nachukua boda, na kama mtoto yuko sawa tunatembea tu.

Sasa stori yetu. Tulihama kutoka Njoro mwezi wa kumi na mbili, kijana akaanza shule mpya Januari, gredi ya pili, ana miaka saba. Mwezi wa pili nikaanza kuona boxer imepakwa kidogo hivi, nikafikiria ni kutojipanguza vizuri. Baada ya wiki mbili ilikua kila siku, choo ya majimaji, harufu mpaka kwa begi ya shule, na yeye mwenyewe ukimuuliza anakuambia hakusikia ikitoka. Mnajua hio jibu ilikua inaniudhi aje? Mtoto wa miaka saba anakuambia hakusikia. Nikaona ananidanganya. Alafu kila Jumapili jioni tumbo linamuuma, anajikunja kwa kochi, Jumatatu asubuhi hataki uji, hataki kuvaa viatu. Jumamosi yuko sawa kabisa anacheza mpira. Hio pia ikanipa dhana mbaya, nikasema huyu anatafuta njia ya kukwepa shule.

Tulizunguka. Mahali pa kwanza tukaambiwa ni ameba, pa pili taifodi, pa tatu wakampa dawa ya minyoo na ya kuzuia kuhara, na hio ya kuzuia kuhara ndio ilimaliza mambo, akakaa siku nane bila kwenda choo ya maana lakini boxer bado zinachafuka. Hakuna mtu alimgusa tumbo. Nasema hivi kwa uchungu juu nililipa kote na kote tulitoka na karatasi imejaa dawa.

Na nilimchapa. Mara mbili. Sitaki kuficha hii sehemu juu ndio najua wengi wetu tunafanya. Mara ya pili alisimama tu, hakulia, akaniambia, "Mama, mimi ni mtoto mbaya." Kufikia hapo alikua ameacha kucheza na wenzake nje, chakula anachokora chokora, usiku anaamka. Mwalimu akanipigia simu akasema watoto wamempatia jina darasani. Jina lenyewe siandiki.

Hio wiki ndio nikapiga simu kliniki.

Siku ya kwanza tulikua na apointimenti saa tatu, tukaingia saa sita kasoro. Na hapa ndio nyota yangu moja ilienda: msichana wa risepsheni alisimama katikati ya watu akauliza kwa sauti, "Mtoto wa kujiharibia ni nani?" Kijana yangu aliingia chini ya leso yangu. Walai nilitaka kurudi nyumbani. Nilimwambia daktari hio maneno wazi wazi, akaomba msamaha mbele ya mtoto, na tuliporudi mara ya pili tulipata kuna karatasi unajaza kimya kimya na unaitwa kwa jina la mtoto tu. Walirekebisha, na nawashukuru, lakini mtoto anayekuja na shida kama hii tayari amebeba aibu, hio kitu haikufaa kutokea ata mara moja.

Daktari ni mama wa makamo, ana sauti ya chini. Hakuanza na mimi. Alivuta kiti akakaa akawa chini kuliko kijana, akamuuliza, "Bosi, shule mpya iko aje? Unakula na nani saa ya lanchi?" Mimi nimekuja na shida ya choo na daktari anauliza lanchi. Nikajua tu hapa pesa imepotea. Baadaye ndio nilielewa alikua anafungua mlango.

Alafu akanigeukia. Aliuliza vitu sikuwahi kuulizwa. Alipozaliwa, ile choo nyeusi ya kwanza ilitoka lini, ndani ya siku mbili ama ilichelewa? (Ikichelewa sana kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao unaitwa Hirschsprung, sehemu ya utumbo inakosa neva, huo unahitaji upasuaji.) Kuna damu? Anapungua uzito? Anaamshwa usiku na maumivu, ama anaamka tu na mawazo? Homa? Anatapika kijani? Miguu inamsumbua akitembea? Akampima kilo na urefu, akaweka alama kwa chati, akanionyesha anakua vizuri. Akasema hayo maswali ndio ya kuchuja, ukipata jibu baya hapo unatafuta ugonjwa mwingine mara moja, hukai ukisema ni mawazo.

Baada ya hapo akamlaza akabonyeza tumbo polepole, upande wa kushoto chini. Akaniita. Akachukua mkono wangu akauweka hapo. Kulikua na kitu kigumu, kama umeshika kiazi ndani ya gunia. "Mama, hiyo ni choo. Imekaa hapo wiki nyingi."

Mimi nikauliza, sasa kama amefunga choo hio majimaji inatoka wapi? Akafungua droo akatoa soksi nzee ya mtoto, ile ya shule ya kijivu, akasukuma ndani machungwa mbili mpaka ikavimba. Akasema utumbo wa mwisho uko hivi. Mtoto akipata choo ngumu mara moja ikimuumiza, mara nyingine anakaza, anasimama kwa vidole, anabana makalio, na sisi tunadhani anasukuma kumbe anazuia. Ikikaa ndani maji yananyonywa inakua ngumu zaidi, kubwa zaidi, inauma zaidi, anazuia zaidi. Akatoa machungwa. Ile lastiki ya soksi ikabaki imelegea. "Ona, haivutiki tena. Ikivutika kwa muda mrefu inaacha kutuma habari kwa ubongo kwamba kuna choo. Halafu ile mpya ambayo ni laini inapita kando kando ya ile kavu, inavuja, na yeye hasikii." Akamwangalia kijana. "Ulikuwa unasema ukweli."

Jameni. Nilitoka nje nikalia kwa ngazi.

Niliporudi nilipata amemtolea kijana karatasi ya picha saba za choo, kutoka ile kavu kama ya mbuzi mpaka ile ya maji matupu, inaitwa chati ya Bristol, ilitengenezwa Uingereza. Kijana alikua anaonyesha kwa kidole namba moja na anacheka kidogo. Mara ya kwanza kumuona akicheka akiongea hio mada.

Sasa sehemu iliyofanya niseme hawa watu wanajua kazi. Angeandika dawa tukaenda, tungekua tumeridhika. Lakini alisema tumbo na akili zinaongea siku yote, kuna neva kubwa inaitwa vagasi inatoka kwa ubongo mpaka tumboni, na utumbo wenyewe una mamilioni ya seli za neva zake, na ile kemikali inaitwa serotonini ambayo watu wanaijua kwa mambo ya huzuni na furaha, karibu asilimia 90 ya iliyo mwilini inatengenezwa kwa utumbo. Kwa hivyo mtoto mwenye wasiwasi tumbo linakaza ama linaenda mbio, na maumivu anayosikia ni ya kweli, haigizi. Na inarudi pia upande ule mwingine: mtoto anayejichafua darasani, anayechekwa, anayeumwa na tumbo kila wiki, ataingia kwa wasiwasi na huzuni ata kama alianza akiwa mchangamfu. Akasema hawezi kuniambia kwa kijana yangu kipi kilianza na hana haja ya kujua, atashika ncha zote mbili za kamba siku moja. Hio ya ncha mbili nimeibeba mpaka leo.

Tukavuka koridoo mpaka kwa kaunsela. Hapo tena nikiri nilikua na uoga, na mama mkwe nilipompigia aliniuliza kama sasa tunapeleka mtoto Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Si hivyo kabisa. Ni chumba kidogo kina mkeka, kreyoni, gari za plastiki. Kaunsela ni kijana tu, amevaa raba, alikaa chini na kijana yangu na mimi nikaambiwa nikae pembeni ninyamaze. Akamwambia achore shule. Akachora bendera, akachora madarasa, akachora mwalimu na fimbo, alafu kwa kona kabisa akachora kinyumba kidogo cheusi, akakipaka kreyoni nyeusi mpaka karatasi ikapasuka. Kaunsela hakuuliza "hii ni nini", alisema tu, "hii imekuchukua rangi nyingi." Na mtoto akaanza kuongea. Choo ya wavulana mlango hauna komeo. Watoto wakubwa wanasukuma mlango ukiwa umechutama na wanacheka. Shimo ni kubwa. Siku moja mwezi wa pili alitoka mbio bila kumaliza na tangu hio siku hakuingia tena, anakaa na choo kutoka asubuhi mpaka saa kumi, na akifika nyumbani hamu imepotea.

Mwaka mzima ningeishi na huyu mtoto na singejua kuhusu komeo.

Dawa ilikua unga wa kuchanganya na maji, makrogoli, hauna ladha ya kusumbua, kazi yake ni kushika maji ndani ya choo ili ilainike. Kuna pia sirapu ya laktulosi kwa wale unga ni ngumu kupata ama ni ghali. Nilimletea daktari swali ambalo mama mkwe alinipa, si utumbo utazoea dawa ushindwe kufanya kazi? Akasema hapana, hii haichomi utumbo, na kosa la wazazi wengi ni kuacha mapema. Siku za kwanza unapewa nyingi mpaka ile ya zamani itoke yote, ilikua likizo ya Aprili kwa hivyo tulijifungia nyumba, na sitaeleza sana, siku ya tatu na ya nne zilikua kazi. Baada ya hapo unaendelea na kidogo kila siku, angalau miezi miwili na mara nyingi zaidi, alafu unapunguza polepole. Tusiache ghafla ata kama anaonekana amepona, juu ile soksi inachukua muda kurudi.

Alafu kukaa choo baada ya chakula, dakika tano mpaka kumi, juu chakula kikiingia tumboni utumbo wa chini unaamka wenyewe. Miguu ikanyage kitu, isininginie. Nilienda kwa fundi wa mbao akanitengenezea kigoda cha mia mbili hamsini, magoti yakakaa juu kuliko nyonga. Stika kwa chati anapata kwa kukaa, si kwa kutoa, hio walisisitiza sana, mtoto hawezi kuamuru choo itoke lakini anaweza kukubali kukaa. Boxer ikichafuka hakuna kelele, hakuna fimbo, anasaidia kuweka kwa beseni basi. Upande wa chakula hawakutupa masharti mengi: maji, matunda tunayonunua tu sokoni, paipai, mapera, maharagwe, mboga, na kupunguza maziwa juu kijana yangu alikua anakunywa vikombe vinne kwa siku na hashiki chakula.

Kwa kaunsela tulienda mara sita. Alimfundisha kupumua kwa tumbo, anaweka gari ya plastiki juu ya kitovu na anaiendesha ipande ishuke. Walicheza mchezo wa kumpa uoga jina. Walifanya mazoezi ya kuambia mwalimu "naomba kutoka" bila kueleza mbele ya darasa. Na kaunsela aliandika barua kwa shule, nikaipeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu, nikiwa tayari kwa vita, lakini mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akainuka tukaenda wote kuangalia ule mlango. Komeo iliwekwa hio wiki. Kijana akapewa ruhusa ya kwenda wakati wengine wako darasani. Sijui ni dawa ama ni komeo ilisaidia zaidi, na kusema ukweli sidhani ingetosha moja.

Hatujapanda tu moja kwa moja. Shule ilipofunguliwa mwezi wa nane alirudi nyuma, boxer tatu kwa wiki moja, tumbo la Jumapili likarudi, mimi roho ikaanguka. Nilituma ujumbe kwa WhatsApp ya kliniki, daktari akajibu jioni, akasema hii ni kawaida mabadiliko yakija, tuongeze dawa kidogo, turudi kwa kukaa baada ya chakula, na tumlete kwa kaunsela kabla hajaanza kujiona mbaya tena. Hio "kabla" ndio nilipenda. Hakungoja mtoto azame.

Kitu kingine niliona hapo. Kwa benchi tulikaa na mama ametoka mbali na msichana wake tineja, ana alserativu kolaitisi, ule ugonjwa wa utumbo mpana kuwa na vidonda na kutoa damu. Huo si wa uoga, ni kinga ya mwili inapigana na utumbo, unatibiwa na wataalamu na yeye ana daktari wake Nairobi. Lakini alikua anakuja hapa kwa kaunsela, juu msichana alikua amekataa shule, anaogopa kukimbia choo mara kumi mbele ya darasa, na dawa anayotumia, prednisoloni, imemvimbisha uso na inamfanya analia ovyo. Mama alisema ilichukua muda mtu kumwambia watoto wenye ugonjwa huu wanashikwa na wasiwasi na huzuni kuliko watoto wengine, alikua anafikiria ni utineja. Niliona ni vizuri niseme, kliniki haikumwambia awache dawa ati atulize akili. Hio ni hatari na hawafanyi hivyo. Na mzazi mwenye mtoto wa otizimu ama yule asiyetulia, uliza pia kuhusu choo, daktari aliniambia hao hufunga choo sana na mara nyingi hakuna anayeuliza.

Bei: daktari elfu mbili mia tano, kaunsela elfu moja mia nane kila kikao, nililipa na M-Pesa. Si kidogo kwangu, vikao viwili vya mwisho nililipa kwa awamu na walikubali bila kunifanya nijisikie vibaya. Dawa ndio inakula pesa juu ni ya miezi. Kama una bima piga simu kwanza uulize, usingoje kufika kwa dirisha. Kama huwezi kabisa, nenda PGH, ile hospitali kubwa ya serikali hapa Nakuru, na uwaambie mapema mambo yote mawili, ya choo na ya mawazo, juu ukitaja ya tumbo peke yake utatibiwa tumbo peke yake.

Malalamiko yangu mengine ni kwamba kaunsela yuko Jumanne na Alhamisi tu, na mtu kama mimi aliyeajiriwa inabidi kuomba ruhusa kazini kila mara. Wangeweka Jumamosi ningelipa ata zaidi. Na foleni, wajipange na masaa, mtoto wa hivi kukaa benchi masaa matatu na tumbo limejaa si haki.

Mkienda, daktari ni yule wa chumba cha pili. Bebeni boxer ya kubadilisha na chupa ya maji, na mwandike wiki moja kabla siku ameenda choo, ilikua picha namba gani na siku hio kulikua na nini shuleni, hio karatasi ataisoma yote. Choo ya kliniki iko mwisho wa koridoo upande wa kushoto, ni safi, ina kigoda cha mbao na komeo ndani ambayo mtoto anaifikia mwenyewe.